Fuawe ya Kale: Kutambua Umri na Uzito Wake Katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika



Kila usharika unapotimiza miaka mia, vitu vya kale hutolewa stoo na kufutwa vumbi. Hutolewa kengele, vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa, kiti cha mchungaji wa kwanza na picha zilizofifia. Mara nyingi hutolewa pia zana za karakana, na miongoni mwa zana hizo ipo moja ambayo vijana wanne hushindana kuinyanyua: fuawe, yaani kile chuma kizito ambacho mhunzi huweka juu yake kipande chenye moto na kukipiga kwa nyundo. Kisha huandikwa karatasi ndogo na kubandikwa: "Ililetwa na wamisionari wa kwanza." Watu husoma, hutikisa kichwa kwa heshima, na kupita.

Mada hii inahusu karatasi hiyo ndogo. Swali lake ni jepesi kulitamka: mtu atajuaje kwamba maneno hayo ni kweli? Fuawe ina umri wake na uzito wake, na yote mawili husomeka katika mwili wake kwa yeyote aliye tayari kuitazama kwa subira. Kitabu cha miaka mia kitasomwa na wajukuu. Kosa likiingia humo, litarithiwa kama ukweli.

1. Uhunzi ulikuwapo kabla ya wageni

Kabla ya kuuliza fuawe ya kigeni ilikuja lini, hapana budi kukumbuka kwamba kazi yenyewe haikuja na wageni. Katika nchi ya Wahaya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, kuna mahali panapoitwa Katuruka. Simulizi za wazee zilipataja kuwa mahali pa wahunzi na kupahusisha na Mfalme Rugomora Mahe. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa mambo ya kale, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao, akachimba pale walipoonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Mkaa uliopatikana ulipopimwa maabara, ulionyesha kwamba chuma kilishughulikiwa hapo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, yaani zamani sana kuliko enzi za mfalme huyo. Mwaka 1976, wazee waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi huo waliyeyusha tena chuma kwa njia ya jadi mbele ya watafiti.

Tukio la Katuruka lina fundisho ambalo mada hii yote inalitegemea. Simulizi ya wazee ilikuwa sahihi kuhusu mahali, na kipimo kilikuwa sahihi kuhusu umri. Kimoja bila kingine kingalitoa nusu ya habari.

Upande wa kusini wa ziwa, katika Uzinza na sehemu za Geita, waliojulikana kwa kazi hiyo ni Warongo, waliokusanya mawe yenye chuma, kuyayeyusha kwa mkaa na kufua majembe. Majembe hayo yalisafirishwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Yalilima mashamba, yalitumika kama fedha na yalitolewa mahari. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa Kisesa na Padri David Clement, yana nyumba ya mhunzi miongoni mwa nyumba zake, ishara ya nafasi aliyokuwa nayo mhunzi katika jamii.

Wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu walitumia zaidi jiwe kubwa gumu kuwa fuawe, na kwa kazi ndogondogo walitumia kipande cha chuma kilichochongoka, kilichokitwa ardhini au katika gogo. Kwa hiyo fuawe ya kale kuliko zote katika usharika wowote wa mwambao huu yaweza kuwa jiwe ambalo watoto hulikalia wakisubiri Shule ya Jumapili. Namna ya kulitambua ni kutazama uso wake na jirani zake. Jiwe la kusagia nafaka huwa na bonde refu lililolainishwa kwa kusugua kwenda na kurudi. Jiwe la mhunzi huwa na uso uliopondwapondwa na kulainika kwa kupigwa, pengine wenye madoa ya kutu, na kando yake huokotwa vipande vya mirija ya udongo ya mivuo pamoja na yale makapi meusi mazito ambayo mafundi huyaita mavi ya chuma. Jiwe bila makapi hayo lisiitwe fuawe kwa haraka.

2. Njia ambazo fuawe za kigeni zilipitia

Fuawe ya kiwandani haikuota mwambaoni, ilibebwa. Kujua njia zilizokuwapo katika kila kipindi ni hatua ya kwanza ya kukadiria umri wa kufika kwake.

Kabla ya reli, kila kitu kutoka pwani kilikuja kwa mabega ya wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32. Shanga, vitambaa na hata mashua viliweza kugawanywa vipande vipande. Fuawe haigawanyiki. Fuawe ya kilo 80 ilihitaji kuning'inizwa katika mti na kubebwa na watu kadhaa kwa miezi, au kukokotwa na ng'ombe pale palipokuwa na barabara.

Hata hivyo, ufundi wa kigeni ulifika mapema. Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland aliyetumwa na Church Missionary Society, alitengeneza mwaka 1877 barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Baada ya kufukuzwa Buganda mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alikuta karakana kubwa iliyojaa mitambo na zana, na wahunzi wakiiandaa boila ya mashua ya mvuke. Mackay alifariki hapo Usambiro mwezi Februari 1890. Basi haiwezi kusemwa kwamba hakuna fuawe ya kigeni iliyofika mwambaoni kabla ya 1890. Lakini zilikuwa chache mno, na anayedai anayo mojawapo ana mzigo wa kuthibitisha.

Mlango ulifunguka Desemba 1901, Reli ya Uganda ilipofika Kisumu, mji ulioitwa wakati huo Port Florence. Katika miaka michache iliyofuata, meli za mvuke zilianza kuzunguka ziwa na kutia nanga Mwanza na Bukoba. Hata bidhaa za koloni la Wajerumani zilipitia Mombasa na Kisumu, kwa maana reli yao ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 tu. Wamisionari wa Bethel walipoanza kazi Bukoba mwaka 1910, meli zilikuwa zikifanya safari zake kwa miaka kadhaa. Mwezi Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na kuanzia miaka ya 1930 mgodi wa dhahabu wa Geita ulihitaji karakana zake hadi ulipofungwa mwaka 1966. Viwanda vya kuchambua pamba navyo vilihitaji mafundi. Kwa hiyo fuawe nyingi za mwambao huu huenda zina uhusiano na reli, mgodi, bandari au pamba kuliko na mmisionari.

3. Kusoma uzito

Uzito huanziwa kwa sababu ndio unaosomeka kwa urahisi zaidi. Viwanda vingi viligonga namba ubavuni mwa fuawe. Namba hizo hudanganya asiyezijua.

Fuawe za Uingereza za zamani huwa na namba tatu zilizotengana, kwa mfano 1 · 2 · 14. Wengi huisoma kuwa 1214, na kuna waliodhani ni mwaka. Maana yake ni hii: namba ya kwanza huhesabu kipimo cha Kiingereza cha ratili 112, ya pili huhesabu robo za kipimo hicho, yaani ratili 28 kila moja, ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi 1 · 2 · 14 ni 112, kuongeza 56, kuongeza 14, jumla ratili 182. Ratili moja ni kilo 0.4536, hivyo fuawe hiyo ina kilo 82 na nusu hivi. Fuawe yenye 0 · 3 · 20 ina ratili 104, yaani kilo 47. Kuna njia rahisi ya kuhakiki: namba ya pili haizidi 3 kamwe, na ya tatu haizidi 27. Zikizidi, fuawe hiyo haikupimwa kwa utaratibu huo.

Fuawe za Ujerumani kwa kawaida huwa na namba moja, na mara nyingi hiyo ni kilo, kwa sababu Ujerumani ilianza kutumia vipimo vya meta na kilo rasmi mwaka 1872. Za Sweden nazo huandikwa kwa kilo au kwa ratili, kutegemea soko zilikopelekwa. Kwa sababu hiyo namba peke yake haitoshi. Lazima ithibitishwe kwa mizani.

Mwambao huu una mizani. Mizani ya kuning'iniza iliyopima marobota na magunia ya pamba huweza kupima fuawe bila shida. Pasipo na mizani, pipa la maji hutosha. Pipa hujazwa hadi ukingoni, fuawe hushushwa kwa kamba polepole mpaka izame yote, na maji yanayomwagika hukingwa na kupimwa kwa lita. Idadi ya lita huzidishwa kwa 7.8, kwa maana lita moja ya chuma cha namna hiyo ina uzito wa kilo 7.8 hivi. Yakimwagika maji lita 10 na nusu, fuawe ina kilo 82. Baada ya hapo hufutwa kabisa na kupakwa mafuta ili isishike kutu.

4. Kutambua umri

Umri hausomeki katika alama moja. Hupatikana kwa kuweka ushahidi mmoja kando ya mwingine.

Kwanza, jina la kiwanda. Peter Wright wa Dudley, Uingereza, aligonga jina lake pamoja na maneno yanayomaanisha kwamba fuawe ni ya chuma kilichofuliwa, si cha kumiminwa. Mouse Hole ilikuwa karakana ya Sheffield. Söderfors ya Sweden ilimimina fuawe za chuma cha pua na mara nyingi kuandika mwaka wenyewe. Jina la nchi likionekana, kwa mfano ENGLAND, kwa kawaida fuawe ni ya baada ya 1890, mwaka ambao Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zinazoingizwa kwake zionyeshe nchi zilikotoka. Kwa hiyo fuawe yenye neno hilo haielekei kabisa kuwa ilikuwapo Usambiro wakati wa Mackay, hata kama simulizi ni tamu.

Pili, umbo. Fuawe ya Kiingereza huwa na pembe moja ya mviringo, ngazi ndogo kati ya pembe na uso, na upande wa pili kisigino cha mraba. Fuawe nyingi za Kijerumani huwa na pembe mbili, moja ya mviringo na nyingine bapa. Karibu zote huwa na tundu la mraba la kuchomekea vifaa. Tundu dogo la mviringo kando yake lilienea katika fuawe za Kiingereza kuanzia miaka ya 1830 hivi. Isiyo nalo yaweza kuwa ya kabla ya hapo, ingawa zipo zilizotengenezwa bila tundu hilo kwa makusudi.

Tatu, namna ilivyoundwa. Fuawe za karne ya 19 mara nyingi zilikuwa na mwili wa chuma laini kilichofuliwa, na juu yake bamba la chuma cha pua lililounganishwa kwa moto. Ubavuni, chini kidogo ya uso, mstari wa maungio hayo huweza kuonekana. Fuawe iliyomiminwa nzima kwa chuma cha pua haina mstari huo, na kwa kawaida ni ya karne ya 20. Mwili wa chuma kilichofuliwa huwa pia na matundu madogo ya mraba kiunoni au chini ya miguu, yaliyochomekwa mti wa chuma wa kuigeuzia wakati wa kuifua.

Nne, sauti na mrusho. Fuawe yenye uso wa chuma cha pua ikigongwa kidogo kwa nyundo ndogo kwa kawaida hulia kama kengele. Ya chuma dhaifu cha kumiminwa hutoa sauti iliyokufa. Gololi ya chuma ikidondoshwa kutoka sentimeta 25 juu ya uso mzuri, hurudi juu sentimeta 18 au zaidi. Jaribio hili huonyesha ubora kuliko umri, lakini husaidia kuitenganisha fuawe ya kweli na mfano wake.

Alama zilizofifia hufufuliwa kwa upole. Uchafu huondolewa kwa brashi, ubavu hupakwa chaki au unga, na tochi humulikwa kutoka pembeni ili vivuli vionyeshe maandishi. Karatasi nyembamba ikiwekwa juu na kusuguliwa kwa mkaa, hunakili herufi ambazo jicho halikuziona. Kamwe isisuguliwe kwa mashine ya kukwangulia vyuma, wala isichomelewe wala kupakwa rangi. Nusu saa ya mashine hiyo hufuta ushahidi wa karne nzima.

Juu ya yote hayo ipo kanuni moja: mwaka wa kutengenezwa huonyesha tu kwamba fuawe haikufika kabla ya hapo. Hauonyeshi aliyeileta. Mjerumani aliweza kununua fuawe ya Dudley iliyopitia Mombasa, na Mwingereza aliweza kurithi ya Kijerumani baada ya 1916.

5. Fuawe iliyo kipande cha reli

Wahunzi wengi hawakuwahi kumiliki fuawe ya kiwandani. Walitumia, na hadi leo wanatumia, kipande cha reli. Kipande hicho kisidharauliwe, kwa maana mara nyingi husema umri wake waziwazi kuliko fuawe yenye pembe. Reli nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na maandishi yaliyoinuka ubavuni: jina la kiwanda, mwaka, na uzito wake kwa urefu. Ikisomeka ratili 50 kwa yadi, hiyo ni karibu kilo 25 kwa meta, na kipande cha sentimeta 60 kitakuwa na kilo 15. Mwaka huo ni wa kiwanda. Mwaka ambao mhunzi alianza kukitumia waulizwe wazee.

6. Kinachopotea na kinachoweza kuokolewa

Hatari iko pande mbili. Upande mmoja ni mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, asiyeuliza kitu kingine ila kilo. Fuawe ikishapanda gari lake, hairudi. Upande wa pili ni uvumi wa hazina za Wajerumani, ambao umewafanya watu kuchimba mashimo sehemu nyingi za nchi na kuwafanya wengine kudanganywa kwamba kila chuma cha kale ni mali ya mamilioni. Wa kwanza huona uzito bila umri; wa pili huona umri bila ushahidi. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: vitu vilivyotengenezwa kabla ya hapo vinalindwa na sheria. Kwa hiyo kukadiria umri si burudani ya wazee peke yao.

Watu wa mwambao huu wanajua thamani ya kipimo cha haki. Wakulima wa pamba wa Usukuma, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paul Bomani, walidai upimaji wa kuaminika kwenye vituo vya kununulia pamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kutokana na madai hayo vilikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955. Waliokataa kupunjwa ratili za pamba hawana sababu ya kukubali kupunjwa historia.

Kwa hiyo kila usharika wenye fuawe na uandike karatasi mpya. Iandikwe uzito uliopimwa na njia iliyotumika. Ziandikwe alama zote jinsi zilivyo, hata zisizoeleweka. Uandikwe mwaka ambao haiwezi kuwa imefika kabla yake. Kisha, chini ya mstari, iandikwe simulizi ya wazee kama simulizi, pamoja na majina ya wahunzi walioitumia, kwa maana majina hayo hayakugongwa na kiwanda chochote na yasipoandikwa yatapotea. Uso uliobonyea katikati haukubonyezwa Dudley wala Ujerumani. Ulibonyezwa hapa, kwa nyundo za mafundi waliotengeneza majembe, bawaba za milango ya makanisa na misumari ya mitumbwi.

Ikitokea kwamba uchunguzi unaonyesha fuawe ilitengenezwa mwaka 1925, wala haikuja na mtu wa kwanza, usharika hautakuwa umepoteza kitu. Utakuwa umepata fuawe ya kweli badala ya hadithi, na utakuwa umewarudishia wahunzi wake heshima iliyokuwa imepewa wengine.